Kifurushi ambacho moyo wa mdogo wangu haukuagiza

Tangu mwaka 2019 mama ana swali moja. Hulitoa akiwa kwenye shughuli nyingine, anapepeta mchele au anakuna nazi, bila kuniangalia usoni: "Wewe si umesoma? Hebu niambie, ni yale maji ya moto?"

Maji anayoyasema, anayashuku kuwa ndiyo yaliyouharibu moyo wa mdogo wangu, ni ya kumkandia mzazi. Sisi ni watu wa Tanga, na kwetu mwanamke akijifungua hakandwi kwa maji ya uvuguvugu. Ni maji ambayo wewe ukitia kidole unakitoa mbio. Asubuhi na jioni, tumbo, kiuno, miguu, kisha anafungwa mkaja na kupewa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke puani. Siku arobaini. Mama alimkanda mdogo wangu kwa mikono yake mwenyewe, na kwenye siku ya ishirini na kitu mdogo wangu akaanza kulala ameketi.

Hatukuelewa. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu. Usiku anakohoa, na akijilaza chali anakurupuka anatafuta pumzi kama mtu aliyezamishwa baharini. Miguu imevimba, ukibonyeza shimo linabaki. Mashangazi wakasema mzazi lazima avimbe. Zahanati moja ikasema nimonia, ikatoa dawa. Tuliporudi ikasema ni uchovu wa kulea. Wiki mbili zikapotea hivyo. Siku tuliyopanda basi kwenda Dar es Salaam alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati, na mtoto nimempakata mimi, analia njaa kuanzia Segera.

Kipimo cha eko, kile cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, kikatoa jibu. Moyo umetanuka, na kila unapojikunja unasukuma nje asilimia 24 tu ya damu iliyomo kwenye chumba kikubwa cha kushoto. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Ugonjwa wenyewe ni huu: moyo wa mwanamke unashindwa kazi mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na hakuna sababu nyingine inayoonekana. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akaandika dawa za kutoa maji mwilini na za kuupunguzia moyo mzigo, halafu akauliza kama mtoto ananyonya. Tukasema ananyonya sana. Akasema kuna dawa nyingine, bromokriptini, ila inakausha maziwa.

Mama akasimama. "Mtoto wa mwezi mmoja mnamwachisha? Atakula nini, mihogo?"

Nikamwomba daktari anieleze moyo unahusiana vipi na maziwa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha baiolojia, kidato cha tano na cha sita. Akacheka kidogo, akasema, "Basi, mwalimu, utaipenda hii," akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Nusu ya alichochora sikukielewa, na mimi ndiye mwalimu. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nisome, kidogo kidogo, kwenye simu, usiku, miaka yote hii.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja nimechora mshale uleule ubaoni: DNA, kisha RNA, kisha protini. DNA ni kabati la maagizo limefungiwa ndani ya kiini cha seli. RNA nilikuwa naieleza kama tarishi wa ofisi: anachukua nakala ya barua, anaipeleka kwenye ribosomu, protini inatengenezwa, kazi ya tarishi imekwisha. Darasani nayasema haya kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Mama nalazimika kumweleza kwa Kiswahili, na huko ndiko nilikogundua ni mangapi nilikuwa nimeyakariri tu.

Binadamu ana herufi za DNA kama bilioni 3, na jeni za kutengeneza protini kama 20,000. Ukizikusanya sehemu zinazoandika protini zenyewe, hazifiki asilimia 2 ya herufi zote. Na sehemu kubwa ya hizo nyingine nayo hunakiliwa kuwa RNA, kwa kiasi kidogo au kikubwa. Yaani ofisini wamejaa matarishi ambao mfukoni hawana barua. Wengine labda kweli hawana kazi. Lakini wapo ambao kazi yao ni kusimama mlangoni na kuzinyang'anya barua za wenzao.

Wa kwanza wa aina hiyo alipatikana mwaka 1993 kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita moja tu, na Victor Ambros na wenzake huko Marekani, huku Gary Ruvkun akionyesha jeni inayozimwa naye. RNA ya herufi 22 hivi. Watu wengi waliona ni vituko vya minyoo. Ikapita miaka saba hadi kikundi cha Ruvkun kilipopata nyingine ambayo ipo hata kwa binadamu, ndipo dunia ikageuka. Oktoba 2024 hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Siku ile nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio, na swali la nne lilikuwa "eleza kazi ya RNA". Nilimpa alama zote kila aliyeandika tarishi. Ningefanya nini?

Hizo RNA fupi zinaitwa maikroRNA. Namna inavyofanya kazi niliwaeleza wanafunzi kwa mfano wa kiranja. Chukua kiranja wa darasa la wasichana hapa pwani, mpe kazi ya kunyamazisha, lakini mwambie asisome jina zima, asome mwanzo tu. Ukimwambia "Mwana", atawanyamazisha Mwanaidi, Mwanahawa, Mwanahamisi, Mwanakombo, Mwanaasha, wote kwa mpigo, hata yule aliyekuwa anasoma kimya. MaikroRNA ni hivyo. Hubebwa na protini iitwayo Argonauti, na hutumia zaidi herufi zake saba hivi za mwanzoni, kuanzia ya pili, kutafuta barua zenye herufi zinazoingiana nazo, A kwa U na G kwa C, kama vifungo na matundu yake. Ikikuta, barua ile haisomwi, au inakatwakatwa. Mara nyingi haizimi kabisa, inapunguza tu, kama unavyoshusha utambi wa taa. Na kwa kuwa inasoma mwanzo tu, moja inaweza kushusha mamia ya barua tofauti.

Msichana mmoja, wa dawati la mbele, akauliza: "Sasa kiranja mwenyewe anawekwa na nani?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Jibu, kwa moyo wa mdogo wangu, linaanzia kwenye maziwa.

Homoni ya maziwa ni prolaktini. Ikiwa nzima ina uzito wa kilodaltoni 23, kipimo cha uzito wa molekuli, na haina ubaya wowote. Mwaka 2007 watafiti wa Hannover, Ujerumani, wakiongozwa na Denise Hilfiker-Kleiner, walionyesha kwamba kwa panya ambao seli zao za moyo zimekosa kinga fulani, protini iitwayo STAT3, kuna kimeng'enya kinaikata prolaktini na kuacha kipande cha kilodaltoni 16. Kipande hicho si cha maziwa tena. Kinaishambulia mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo, na panya akizaa moyo wake unatanuka. Wakimpa bromokriptini, inayozuia prolaktini isitoke kabisa, moyo unasalimika. Hapo nikaelewa kwa nini daktari aliuliza habari za kunyonyesha.

Lakini kipande kile kinaidhuruje seli ya moyo? Jibu likaja mwaka 2013, kutoka Ubelgiji na Ujerumani kwa pamoja, na hili ndilo alilonichorea yule kijana nyuma ya karatasi.

Seli zilizotandikwa ndani ya mishipa ya damu zikikutana na kipande cha 16 zinaanza kutengeneza kwa wingi maikroRNA moja, miR-146a. Madhara ya kwanza ni hapohapo nyumbani: seli zenyewe zinashindwa kuongezeka, mishipa midogo inapungua. Halafu ndiyo linakuja jambo lililonifanya nikae kitako kitandani saa saba usiku. Seli zile zinaifungasha miR-146a kwenye vifuko vidogo mno vya utando, vinaitwa eksosomu, na kuvitoa nje. Seli za moyo zilizo jirani zinavipokea.

Sisi watu wa Tanga tunajua habari ya vifurushi. Unakwenda stendi, unampa kondakta boksi la machungwa ya Muheza, unaandika jina na namba ya simu, Dar mtu analipokea. Sasa fikiria ndugu yako wa Dar anapokea boksi ambalo hakuliagiza, analifungua ndani, na humo kuna kiranja. Kiranja anaanza kunyamazisha watu ndani ya nyumba isiyo yake.

Mmoja wa wanaonyamazishwa ni ERBB4. Hii ni protini inayokaa kwenye ngozi ya seli ya moyo kama sikio. Kazi yake ni kusikia ujumbe unaotoka kwenye mishipa ya damu, ule wa kuiambia seli ijiimarishe na iendelee kuishi. Barua ya ERBB4 ikipunguzwa, sikio linaziba. Seli haifi papo hapo. Inazorota, matumizi yake ya nishati yanashuka, na moyo ni kiungo kinachopiga mara kama 100,000 kwa siku bila likizo. Jeni ya ERBB4 haikuharibika hata herufi moja. Kwa njia hii, hata ungeipima jeni hiyo ungeikuta safi. Nilipomweleza mama sehemu hii alishusha pumzi, maana kulikuwa na maneno kwa wakwe kwamba ukoo wetu una damu mbovu.

Watafiti wale walipima pia damu ya wanawake wenye ugonjwa huu. miR-146a ilikuwa juu. Kwa watu wenye moyo uliotanuka kwa sababu nyingine haikuwa juu. Na wagonjwa walipotibiwa ilishuka. Hicho ni kipimo cha damu ambacho kingeweza kutofautisha mzazi aliyechoka na mzazi ambaye moyo wake unazama. Naifikiria ile zahanati na nimonia yake, naacha.

Turudi kwa yule msichana wa dawati la mbele, kwa sababu kuna kiranja mwingine anayewekwa kwa njia ya ajabu zaidi, na yeye ndiye aliyenitia aibu kabisa. Jeni inaponakiliwa, sehemu fulani za nakala hukatwa na kutupwa kabla barua haijatoka kwenye kiini. Zinaitwa introni. Mimi ubaoni nimeziita takataka, kwa maandishi makubwa, na chaki nyekundu. Mwaka 2007, Eva van Rooij na Eric Olson na wenzao wa Dallas, Marekani, walitoa habari za miR-208, maikroRNA inayopatikana ndani ya introni ya jeni ya miosini ya moyo, protini ileile inayovuta msuli. Kwa hiyo seli ya moyo ikinakili jeni ya msuli wake, kiranja anatoka humohumo kwenye mabaki. Hahitaji barua yake ya kuteuliwa.

Wakafuga panya wasio na miR-208, wakawabana mshipa mkuu wa damu ili moyo ufanye kazi ya ziada. Panya wa kawaida moyo wake hunenepa, unajaa makovu, na kubadilisha aina ya miosini kutoka ya haraka kwenda ya polepole, kama ilivyokuwa tumboni mwa mama yake. Wale wasio na miR-208 walibaki karibu kama walivyokuwa. Kitu kilichotoka kwenye takataka kina sauti juu ya umbo la moyo mzima. Nilifuta lile neno ubaoni mwezi uliofuata. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike nini?" Nikamwambia aandike kwamba introni zinakatwa, hilo ni kweli, asiongeze neno.

Jirani na hiyo kuna RNA ndefu, isiyo maikro, inaitwa Mhrt. Hutoka kwenye eneo la jeni ya miosini ya polepole, ila imesomwa kinyumenyume. Mwaka 2014 ilionekana kwa panya kwamba inainasa protini moja, Brg1, ambayo kazi yake ni kufungua DNA iliyoviringishwa ili jeni za msongo, zile zinazoamka moyo ukielemewa, zisomwe. Moyo ukizidiwa, Brg1 nayo inamzima Mhrt. Wanashikana mashati hivyo, na anayeshinda ndiye anayeamua moyo utanenepa au la. Kuna nyingine waliyoiita Moyo Jasiri, ya panya, bila hiyo seli changa hazijui kuwa za moyo. Ndugu yake wa wazi kwa binadamu hakupatikana, basi naiacha kwa panya. Na kwenye maikroRNA nyingine, miR-21, kuna ugomvi: mwaka 2008 kundi moja lilionyesha kwamba ukiizuia, makovu ya moyo yanapungua, mwaka 2010 wengine wakaifuta jeni yake kabisa, na makovu yakatokea kama kawaida. Wanafunzi hawapendi nikiwaambia habari kama hizi. Wanataka jibu la kuandika. Mimi ndizo ninazozipenda.

Sasa maziwa.

Mdogo wangu alikubali kunywa bromokriptini, pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu wazazi wenye moyo huu huwa kwenye hatari ya damu kuganda. Daktari alikuwa mkweli. Alituambia kuna jaribio la Afrika Kusini, lilitoka mwaka 2010, la wanawake 20. Kumi walipata bromokriptini juu ya dawa za kawaida, kumi hawakupata. Wote walianza na asilimia kama 27. Baada ya miezi sita waliopata walifika wastani wa 58, wenzao 36, na kwa waliopata alikufa mmoja, kwa wenzao walikufa wanne. Watoto wa wale walioacha kunyonyesha walikua vizuri. "Lakini ni ishirini tu, mwalimu," alisema, akinionyesha vidole.

Ishirini tu, na sisi tuko wodini na mtoto. Kopo moja la maziwa lilikuwa linakwisha siku nne. Maji ya kuchemsha, chupa za kuchemsha, chuchu za kuchemsha, mafuta ya taa. Shemeji yangu anaendesha lori la Horohoro, safari zikawa nyingi kuliko usingizi. Mtoto aliharisha mara mbili mwezi wa kwanza, na mara ya pili mama aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mtu anayeketi ofisini anaweza kuandika "acha kunyonyesha" kwa sekunde mbili. Kwetu sisi hayo ni maamuzi ya kubadilisha hatari ya mmoja kwa hatari ya mwingine, na wote wawili umewabeba.

Mdogo wangu alifika asilimia 51 baada ya miezi saba. Siwezi kusema ni bromokriptini. Wapo wanaopona bila hiyo, na yeye ni mtu mmoja. Anapika vitumbua asubuhi, anapanda ngazi, ameambiwa asibebe mimba nyingine bila kuonana na daktari wa moyo kwanza, na amesikia.

Lakini kwenye ile kazi ya mwaka 2013 kuna sehemu niliyoisoma mara tano. Watafiti walitengeneza uzi mfupi wa kemikali unaoingiana herufi kwa herufi na miR-146a, unaigandamia na kuifunga. Wakawadunga panya wenye ugonjwa. Mioyo ya panya ikapata nafuu. Na prolaktini nzima haikuguswa. Wale panya waliendelea kunyonyesha watoto wao kama kawaida.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani. Yule mtoto wa kwenye basi, anayeniita mama mkubwa, sasa anasoma, alikuwa uani anamfukuza kuku. Mama yuko na ungo. Akaanza tena: ni yale maji ya moto? Nikamwambia, kama nilivyomwambia zamani, kwamba hata Nigeria kaskazini, ambako ugonjwa huu ni mwingi sana, madaktari wa miaka ya 1970 waliwashuku wazazi kwa kuoga maji ya moto na kula chumvi ya magadi, na baadaye watafiti wa hukohuko hawakupata uthibitisho kwamba chumvi ile ndiyo inayoleta. Nikamweleza upya habari ya kipande cha prolaktini, na kifurushi, na kiranja. Safari hii nikaongeza panya.

Akaacha kupepeta. "Wakanyonyesha?"

"Wakanyonyesha, mama."

"Mwaka gani?"

"2013."

Akahesabu kwa vidole, polepole, hadi 2019, akarudia kuhakikisha. "Miaka sita kabla. Na dawa yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia kuna dawa ya namna hiyo inayofunga maikroRNA nyingine, miR-132, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo 28, matokeo yakatoka mwaka 2021. Lakini hao hawakuwa wazazi. Hii ya miR-146a haijaidhinishwa popote.

"Bado iko kwa panya," akasema, akarudi kwenye ungo wake.